Daktari wa Jeshi Anayeitazama Siasa: Maneno kwa Wanaoanza

Karibu kila mwaka, uhamisho wa watumishi unapokamilika, hunijia nyumbani hapa Tabora madaktari na matabibu vijana waliopangiwa vikosini au katika hospitali za mkoa huu. Huja kusalimia, kama adabu inavyotaka, hukaa chini ya mwembe, na huulizia mambo ya kazi: namna ya kuishi na makamanda, dawa zinapochelewa kufika mtu afanyeje, nyumba za kupanga zinapatikana wapi. Kabla ya kuaga, mmoja wao hunigeukia na kuuliza swali ambalo nadhani ndilo lililomleta: "Mzee, ulipostaafu jeshi ukagombea udiwani, ilikuwaje? Na sisi tukimaliza utumishi, tunaweza kuishika njia hiyo?"

Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi, na kila wageni wanapoondoka hukumbuka jambo nililoliacha. Safari hii nimeona niliandike jibu lote, na nimeamua kuliegemeza juu ya maisha ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Unyamwezi. Huyo ni Leonard Wood wa Marekani, daktari wa jeshi aliyepata nishani kubwa kuliko zote za taifa lake, akaitawala Cuba, akawania kuteuliwa na chama chake kugombea urais, na akafariki akiwa bado gavana mkuu wa Ufilipino. Nilikutana na jina lake nilipokuwa nikiandaa somo la homa ya manjano kwa wauguzi wa kikosi, na tangu hapo sijaacha kumsoma, kwa sababu mema na mabaya yake yote yanazunguka neno moja ambalo ninyi mnalitamka kila siku kazini bila kulitafakari: ridhaa.

Hospitalini tunajaza fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji. Katika siasa tunasema mgombea anaomba ridhaa ya wananchi. Neno ni lile lile, lakini daktari wa jeshi ndiye mtu ambaye maisha yake ya kazi yanaweza kumfanya alisahau kuliko wengine wote, kwa kuwa yeye hutiiwa mara mbili. Askari anayeingia katika chumba chako cha matibabu anakutii kwa sababu una cheo, na anakutii tena kwa sababu anaumwa, huvua shati kabla hujamwambia unataka kutazama nini, na jibu lake kwa kila jambo ni "ndiyo, afande." Miaka ishirini ya majibu hayo humjenga mtu tabia, na tabia hiyo haivuliwi pamoja na sare siku ya kustaafu.

Wood alizaliwa mwaka 1860 katika mji mdogo wa Winchester, jimbo la New Hampshire, akasomea udaktari Harvard, na mwaka 1885 akaingia jeshini kama daktari wa mkataba, huko kusini-magharibi ambako jeshi la Marekani lilikuwa likimsaka Geronimo na watu wake wachache wa Apache, kabila la wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1886 alijitolea kupeleka barua za kijeshi katika eneo la hatari: maili 70 kwa usiku mmoja, ambazo ni zaidi ya kilomita 110, na siku iliyofuata akatembea kwa miguu maili nyingine 30. Kisha, kikosi cha askari wa miguu kilipobaki bila ofisa, aliomba mwenyewe akiongoze, na akakiongoza kwa majuma kadhaa. Kwa hayo alipewa Medal of Honor, ingawa aliipata mwaka 1898, miaka 12 baadaye.

Yasomeni maelezo ya nishani hiyo kwa makini. Hakuna mgonjwa hata mmoja anayetajwa humo. Nishani iliyomfungulia daktari huyu milango yote ilitolewa kwa ajili ya mwendo, ukakamavu na uongozi wa askari, wala si kwa ajili ya tiba, na ilipatikana katika kuwawinda watu waliokuwa wakiitetea ardhi yao. Sisi wa Tabora, ambao bado tunamtaja Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyechagua mwaka 1893 kujilipua ndani ya boma lake kuliko kukamatwa na Wajerumani, hatuwezi kumsoma Geronimo kama mhalifu aliyestahili kukimbizwa. Nalisema hili kwa sababu ninyi pia mtavalishwa nishani, na nyingine zitakuwa za haki kabisa. Siku mtakaposimama mbele ya wananchi mkiwa nazo kifuani, wako watakaokumbuka upande mwingine wa habari hiyo.

Mwaka 1898 Wood alikuwa daktari wa Rais McKinley mjini Washington. Vita na Hispania vilipoanza, yeye na rafiki yake Theodore Roosevelt waliunda kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea, Wood akiwa kanali na Roosevelt msaidizi wake. Baada ya Santiago de Cuba kusalimu amri mwezi Julai mwaka huo, Wood aliwekwa kuutawala mji ule, na hapo udaktari wake ndipo ulipokutana na madaraka kwa mara ya kwanza. Mji ulikuwa na njaa, taka zimejaa mitaani, watu wanakufa kwa makumi kila siku, na maiti nyingi zikachomwa moto kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuzizika zote kwa wakati. Aligawa chakula, akawaweka watu kazini kusafisha mitaa kwa malipo ya posho ya chakula, akaamuru nyumba zifunguliwe na kusafishwa, na waliokaidi wakaadhibiwa. Vifo vikapungua. Mwishoni mwa mwaka 1899 akapewa kisiwa kizima cha Cuba, akakitawala hadi mwaka 1902.

Niliposoma habari za Santiago nilivutiwa sana, na sitaficha kwamba nilipokuwa diwani nilijaribu kuiga. Ilikuwa katika masika ya mwaka wa pili wa udiwani wangu, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajatufikia. Kipindupindu kiliingia katika kitongoji kimoja cha kata yangu, ambako watu walikuwa wakichota maji katika kisima cha wazi kilichochimbwa mbugani, pembeni ya majaruba ya mpunga. Nilikitazama kisima mara moja tu na nikajua. Vyoo vilikuwa upande wa juu, mvua ilikuwa ikishusha kila kitu, na kila mama alikuwa akitumbukiza kata yake au dumu lake mwenyewe. Nikamchukua mtendaji wa kata na mgambo wawili, tukakiziba kisima kwa magogo na matawi ya miiba, tukasimika ubao wenye neno MARUFUKU, na nikawatangazia watu kwa sauti ile ile niliyozoea kutumia gwaridani kwamba atakayechota atafikishwa mbele ya sheria. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuta miiba imesogezwa kando kwa uangalifu mkubwa, kama mlango unaofunguliwa na kurudishiwa, na kwenye tope kuna alama za duara za makalio ya madumu, moja karibu na nyingine. Juma lile tulizika watoto wawili katika kitongoji kile. Nitarudi kwenye kisima hicho.

Turejee Cuba, maana huko ndiko liliko jambo ninalotaka mlibebe kuliko yote. Usafi wa mitaa haukuizuia homa ya manjano. Daktari wa Kikuba, Carlos Finlay, alikuwa amesema tangu mwaka 1881 kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbu, na kwa karibu miaka 20 wakubwa wa taaluma walimpuuza. Mwaka 1900 tume ya madaktari wa jeshi chini ya Walter Reed ilipelekwa Cuba, ikaamua kuyapima mawazo ya Finlay kwa kutumia mayai ya mbu aliyowapa yeye mwenyewe. Mwezi Septemba mmoja wa wajumbe, Jesse Lazear, aliugua homa hiyo akafariki. Reed akataka kufanya jaribio kubwa na la uhakika, lakini jaribio lenyewe lilimaanisha kuwaumisha kwa mbu wenye ugonjwa watu wazima wenye afya, ugonjwa ambao haukuwa na dawa. Alikwenda kwa gavana, yaani Wood, kuomba idhini na fedha.

Fikirini uzito wa ombi hilo mezani kwa mtawala. Yeye mwenyewe ni daktari. Anajua kwamba watu wakifa atalaumiwa, na kwamba asipokubali watu wataendelea kufa bila yeye kulaumiwa. Wood alikubali na akatoa dola 10,000. Kilichofuata ndicho nilichowasomesha wauguzi wangu: kila aliyejitolea, miongoni mwao wahamiaji wa Kihispania, aliwekewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na kwa Kihispania, ikieleza hatari ya jaribio, naye akatia sahihi kwamba anaingia kwa hiari yake. Malipo yalikuwa dola 100 za dhahabu, na dola 100 zaidi kwa atakayeugua. Najua mnachotaka kusema, nami nakubali: dhahabu mbele ya mhamiaji maskini huifanya hiari yake isiwe huru kama tunavyotaka. Lakini katika zama ambazo wengi hawakuona haja ya kumuuliza mgonjwa chochote, wanajeshi hawa waliona haja ya kumwandikia kwa lugha yake. Jaribio likathibitisha kwamba Finlay alisema kweli. William Gorgas, mkuu wa afya wa Havana, ambaye naye awali hakuamini, akayasaka mazalia ya mbu nyumba kwa nyumba, katika mapipa na mitungi ya maji, na mwaka 1901 homa ya manjano ikatoweka katika mji ambao ilikuwa imekaa kwa vizazi.

Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika maisha ya Wood, na ndipo mahali pekee ninapoona kwamba watu wa kawaida waliulizwa kabla ya kufanyiwa.

Kwingineko hawakuulizwa. Mwaka 1903 alipelekwa kusini mwa Ufilipino, iliyokuwa chini ya Marekani, kuwa gavana wa Jimbo la Moro, walikoishi Waislamu waliokataa kodi ya kichwa na sheria nyingine za wageni. Mwezi Machi 1906, watu wa kisiwa cha Jolo walipokuwa wamekimbilia ndani ya kasoko ya mlima wa volkano uitwao Bud Dajo, majeshi yaliyokuwa chini ya Wood yaliushambulia mlima huo kwa mizinga na bunduki. Waliuawa mamia, wakiwamo wanawake na watoto. Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba wanawake nao walipigana. Mimi nimekaa na majeraha ya risasi mezani kwangu, na ninasema kwamba ofisa mwingine anaweza kudai hakuelewa vizuri kinachotokea risasi inapoingia katika mwili wa mtoto, lakini daktari hawezi. Mkiwa jeshini mtakutana na watu watakaowaambia kwamba siku ukipewa amri ya kikosi udaktari unaachwa mlangoni. Msikubali. Kiapo cha utabibu hakina likizo.

Habari za kugombea kwake nitazipitia kwa haraka. Mwaka 1920 Wood aliutaka uteuzi wa chama cha Republican. Alikuwa bado jenerali katika utumishi, akazunguka kuomba kuungwa mkono akiwa amevaa sare, na kampeni yake ikatumia zaidi ya dola milioni 1.7, fedha ambazo Baraza la Seneti lilizichunguza na kuzifanya kashfa. Katika mkutano mkuu wa Chicago aliongoza duru ya kwanza kwa kura 287 na nusu, huku Warren Harding akiwa na 65 na nusu tu; katika duru ya kumi aliyeteuliwa ni Harding.

Kwetu sheria haikuacha nafasi ya kufanya hivyo. Ibara ya 147 ya Katiba yetu inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, isipokuwa kwamba ana haki ya kupiga kura. Naomba ibara hiyo muipende, msiione kama kamba. Askari anayekuja kwako na maradhi ya aibu anahitaji kuamini kwamba wewe si wa upande wowote. Ukianza kunong'ona siasa katika chumba cha matibabu, hata kama umebakiza miezi sita kustaafu, kuna mgonjwa atakayeamua kukaa na ugonjwa wake.

Na siri hizo hudumu baada ya kustaafu. Nilipogombea mwaka 2005, mmoja wa washindani wangu alikuwa amewahi kutibiwa mikononi mwangu. Vijana wangu wa kampeni walilifahamu hilo kwa njia zao, wakanijia usiku, wakakaa sebuleni, wakaniambia kwa upole kwamba neno moja tu jukwaani lingemaliza uchaguzi. Niliwajibu kwamba neno hilo si langu. Mmoja wao alichukia akaondoka katika kampeni, nami nikaona afadhali apotee yeye. Msiwakumbushe watu jukwaani kwamba mliwatibu, hata kwa wema. Mama uliyemzalisha ana haki ya kumpigia kura mtu mwingine bila kujiona msaliti.

Wood alirudi Ufilipino mwaka 1921 akiwa gavana mkuu, na hapa ndipo nilipotumia miaka mingi ya kusoma, kwa sababu ndipo daktari aliposhindwa. Ufilipino haikuwa tena ile aliyoiacha. Sheria ya mwaka 1916 ilikuwa imewapa Wafilipino mabunge mawili waliyoyachagua wenyewe, na gavana aliyemtangulia alikuwa amewajaza wenyeji serikalini na kuwaacha wafanye kazi. Wood aliona hesabu za benki ya serikali zimeharibika, huduma za afya zimelegea, na akashika mambo kama alivyoshika Santiago: kukagua, kuamuru, kuzuia miswada. Mengi aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Alipigania fedha kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma waliotengwa katika kisiwa cha Culion, akawatembelea, na jambo hilo lilitoka moyoni. Lakini tarehe 17 Julai 1923, baada ya kumrudisha kazini mpelelezi wa polisi ambaye viongozi wa nchi hawakumtaka, mawaziri wote Wafilipino walijiuzulu pamoja, wakiongozwa na Manuel Quezon, rais wa Seneti ya Ufilipino. Tangu siku hiyo hadi alipoondoka, alitawala akiwa na washauri wa kijeshi kando yake na wawakilishi wa wananchi wakimpinga.

Daktari alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, lakini mgonjwa alikuwa amekwisha kuinuka kitandani na kutoka nje.

Kwa sisi tulio Tabora, mfano wa upande wa pili uko hapa hapa mjini. Mwezi Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa, na swali lilikuwa chungu: je, chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, au kiususie? Wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kususia. Mwalimu Nyerere, aliyesoma katika mji huu na kufundisha katika mji huu, hakuwa na cheo cha kumfanya mtu yeyote asimame mguu sawa. Alichokuwa nacho ni hoja, na alisimama akaitoa, akawasikiliza waliomkasirikia, akaitoa tena, hadi wengi wakakubali kuingia katika uchaguzi ambao wote waliuchukia, yeye akiwamo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, na aliachwa atoke. TANU ikashinda uchaguzi ule. Wazee wa Tabora waliuita Uamuzi wa Busara, na jina hilo limebaki. Nyerere alikuwa na umri wa miaka 35. Wood alipofika Manila alikuwa na miaka 60 na nishani zote zile.

Neno moja fupi kuhusu afya zenu wenyewe. Wood aliwahi kujigonga kichwa akiwa Cuba, na baadaye uvimbe ukaota ndani ya fuvu. Harvey Cushing, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, alimpasua mwaka 1910 akapona, uvimbe ukarudi, akaendelea na kazi kwa miaka mingi huku mguu wa kushoto ukizidi kudhoofika, na tarehe 7 Agosti 1927 akafariki mjini Boston baada ya kupasuliwa tena. Mtafuteni daktari mwingine awapime. Nimewazika wenzangu watatu waliojitibu wenyewe shinikizo la damu kwa dawa za mkobani.

Sasa kisima. Baada ya mazishi ya mtoto wa pili nilirudi kitongojini bila mgambo wala mtendaji, nikaenda hadi nyumba iliyo karibu zaidi na mbuga. Alikuwapo mama mtu mzima, umri wa mama yangu, anapeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha ungo. Nikamweleza tena habari za vimelea, vyoo na mvua, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, ulituambia maji yale yanaua. Tulikuwa tunajua, maana sisi ndio tunaozika. Ulitaka tunywe yapi?"

Sikuwa na jibu. Pampu ya karibu ilikuwa umbali wa kilomita nne, na mwenye nayo alikuwa akitoza fedha kwa kila dumu. Nilikuwa nimepita mbele ya pampu hiyo kwa gari la halmashauri mara nyingi, na sikuwahi kuuliza bei.

Tulikaa pale mpaka jua likaelekea kuzama, na wanawake wengine wakaongezeka, wawili, watatu, kisha kumi na zaidi. Sikutoa amri yoyote. Walikubaliana wao kwamba kisima kifunguliwe, kijengewe ukingo wa mawe na kifuniko cha mbao, mfereji wa kugeuza maji ya mvua uchimbwe upande wa vyoo, na pasiingie tena kata wala dumu la mtu, bali ndoo moja ya kamba itumike na wote. Kazi yangu ilikuwa kuleta saruji na dawa ya klorini, na kusimamia vyoo vihamishwe upande wa chini, jambo lililochukua miezi mitatu na maneno mengi. Ndoo ile ya kamba iliwekwa nyumbani kwa yule mama. Kila alfajiri aliibeba yeye mwenyewe hadi kisimani, akaketi kwenye jiwe akiangalia foleni, na jioni akaisuuza, akairudisha ndani na kuifunika kwa ungo wake.